Lugha Inayokubali Kila Kitu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni kitako kwanza. Mimi sijasoma sana. Niliishia darasa la nne huko Mbozi, mwaka ambao baba aliona mikono yangu inafaa zaidi kwenye kahawa kuliko kwenye daftari. Naandika kama ninavyosema. Mkiona sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe.

Nimechoka kuulizwa. Wanakuja vijana hapa kwangu Tunduma, wengine hata salamu hawajui, wanasimama mlangoni: bibi, tujifunze lugha gani ya kuandikia mashine, C au Rust? Wananiuliza mimi kwa sababu wamesikia kwamba mashine ya vifaranga ya nyumba hii imepitia zote mbili, na mimi ndiye mwenye nyumba. Kuandika sijui hata moja. Ila nimekaa nazo chini ya bati moja, nimezisikia zikigombewa asubuhi mpaka jioni, na nimeona zilichofanya. Hicho ndicho nitakachowaambia. Mengine waulizeni wajukuu zangu, wao wana nguvu ya kubishana.

Wajukuu wenyewe ni wawili, watoto wa mwanangu wa kwanza. Wa kike ndiye mkubwa, alisomea kompyuta Mbeya, akarudi na cheti bila kazi. Wa kiume ni fundi umeme. Huyo wa kiume alichukua friji bovu lililokuwa linaozea nyuma ya nyumba, akatoa matumbo yake, akaweka rafu nne za waya, balbu za kutoa joto, feni ndogo, na beseni la maji chini kabisa. Kila rafu akaifungia kipimajoto chake. Juu ya mlango akapigilia kisanduku chenye chipu, kitu kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Hiyo chipu ndiyo inayosoma vipimajoto na kuamua balbu ziwake au zizime. Kwa hiyo friji ambalo liliumbwa kugandisha nyama likawa linaatamia mayai. Hapa petu kuna baridi, mwezi wa sita upepo unapita mpaka kwenye mifupa, na kuku anayelala juu ya mayai mara anayaacha akimbilie jikoni. Majirani wakaanza kuleta mayai yao. Mashine ikajaa.

Chipu haijui kitu mpaka iandikiwe. Yule kijana aliiandikia kwa C.

Nilimuuliza kwa nini hiyo, wakati dada yake kila siku anaimba Rust.

"Bibi, C inaongewa na kila chipu," akaniambia. "Ukinunua chipu Mbeya, ukinunua Lusaka, karatasi yake inakuja na mifano ya C. Ni nyepesi, haili nafasi. Ikiharibika, fundi yeyote anayeijua anaifungua. Na ukiiambia fanya, inafanya."

Dada yake alikuwa anamenya viazi. Hakuinua hata kichwa. "Hata ukiiambia ujinga, inafanya."

"Ujinga ni wa anayeandika, dada."

"Ndiyo hapo sasa."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wanaongea, kutwa nzima. Mimi nilidhani ni utani wa ndugu. Baadaye nikaona kuna jambo ndani yake.

Rust nilielezwa kwa sufuria, kwa sababu nilimwambia yule binti kwamba akinieleza kwa Kiingereza naondoka. Akasema: bibi, kwenye Rust kila kitu kina mwenyewe mmoja. Sufuria ni ya fulani. Fulani akimaliza kazi yake na kuondoka, sufuria inaoshwa inawekwa pembeni, hakuna haja ya kuuliza nani ataiosha. Ukitaka, unaazimisha. Watu wengi wanaweza kuchungulia ndani ya sufuria kwa pamoja, lakini wakichungulia, hakuna wa kukoroga. Akija wa kukoroga, anakuwa peke yake, wengine wote wakae mbali. Na hayo yanakaguliwa kabla moto haujawashwa. Kuna kitu wanakiita kompaila, ndicho kinachosoma maandishi yao na kuyageuza yawe maneno ya chipu. Kompaila ya Rust ikiona mchungulizi na mkorogaji kwenye sufuria moja, inakataa, na inakueleza umekosea wapi.

"Na ya C?"

"Ya C inakuamini, bibi. Inaona wewe ni mtu mzima."

"Basi hiyo yako siyo lugha," nikamwambia. "Hiyo ni mama mkwe."

Kaka yake alicheka mpaka akaacha kuchomelea.

Lakini niliona na tabu yake. Binti alikuwa ameanza kuandika upya mashine yote kwa Rust. Laptopu yake ni ya zamani. Akiiagiza kompaila ikague, feni yake inalia kama mashine ya kusaga, tunapika, tunakula, bado inakagua. Halafu inakataa. Anabadilisha, inakataa. Umeme unakatika. Bando linaisha katikati ya kushusha vitu fulani alivyovihitaji. Mifano ya chipu ile kwa Rust ilikuwa michache, na mingine ilikuwa imeandikwa kwa chipu nyingine kabisa. Na kuna mahali, nilimsikia akikiri kwa sauti ya chini, ambapo ilibidi aiambie ile lugha: hapa usinikague, niamini tu. Kaka yake aliyadaka maneno hayo yakiwa bado hewani.

"Kumbe na yako inaamini watu."

"Sehemu chache. Na nimezizungushia uzio. Mambo yakiharibika najua nianzie kutafuta wapi. Wewe ukitafuta, unatafuta shamba zima."

Ipo na ya tatu, Go. Hiyo binti aliiandikia programu iliyokaa kwenye laptopu, ya kuwatumia wenye mayai ujumbe wa simu: mayai yako yamepimwa, mayai yako yanaanguliwa keshokutwa. Go ina mfagiaji wake. Huna haja ya kujua sufuria ni ya nani, mnatumia mnaacha, mfagiaji anapita anaokota visivyotumika. Aliimaliza upesi, na haijatusumbua sana. Nikamuuliza, kama ni rahisi hivyo, kwa nini usiiweke na kwenye friji? Akasema chipu ni ndogo, mfagiaji mwenyewe hana pa kusimama, na akianza kufagia kazi nyingine inabidi isubiri kidogo. Nikaelewa. Nyumba ya chumba kimoja haiajiri mtumishi.

Sasa, mwezi ule wa baridi, akaja mkwe.

Mkwe wangu huyu ni mama wa mume wa binti yangu wa mwisho. Anakaa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia, unavuka barabara tu. Ni mtu mpole, anaongea Kibemba na Kinamwanga na Kiswahili cha sokoni, vyote kwa sauti moja ya taratibu. Na sisi kwetu mkwe ana heshima yake. Anapigiwa magoti, hatazamwi sana usoni, mbele yake watu hawagombani, na akiomba kitu haambiwi hapana. Ataambiwa ngoja tuone, ataambiwa chai kwanza, lakini hapana haitamkwi.

Alikuja amebeba kapu lenye pumba, na ndani ya pumba mayai. Akaketi mkekani, akanywa maji, ndipo akasema.

"Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, umepita kwangu. Kundi lote limelala. Wamebaki majike wachache, na hao nao siwategemei. Haya ndiyo mayai yao." Akayafunika tena na pumba kwa kiganja. "Mbegu hii ya kuku aliniachia mama yangu. Haya yakipotea, imekwisha."

Wala hakulia. Ni mtu wa makamo yangu, tumeshazika wengi.

Rafu zote nne zilikuwa zimejaa mayai ya majirani, na mengine yalikuwa yanakaribia kuanguliwa. Kila mtu mle ndani alilijua hilo. Mke wa mwanangu alikuwa anajua, akainama kuchochea moto. Binti alikuwa anajua. Kukawa kimya, kile kimya cha ukweni ambapo kila mtu anamsubiri mwenzake. Kabla sijapata neno la kulianzia, kijana wangu akasema, "Hakuna shida, bibi. Tutaongeza rafu."

Mkwe akasema natotela, ndiyo asante ya kwao, akapiga makofi ya taratibu.

Basi kijana akakata waya, akafunga rafu ya tano chini kabisa, juu ya beseni la maji. Akaiwekea kipimajoto chake. Akachukua laptopu, akafungua ile programu yake ya C, na pale palipoandikwa rafu ni nne akaandika tano. Dakika chache tu. Dada yake alikuwa amesimama nyuma yake.

"Umebadilisha kila mahali?"

"Nimebadilisha. Ona, imekubali."

"C huwa inakubali."

Alitaka kuendelea, niliona mdomo wake. Lakini mkwe alikuwa ameketi pale na kikombe cha chai, anasikiliza, na mbele ya mkwe watu hawagombani. Binti akanyamaza. Mayai yakapangwa, mlango ukafungwa, mkwe akasindikizwa mpaka karibu na foleni ya malori, akavuka kwao.

Alasiri ileile binti akaenda kuyageuza mayai, maana sisi tunageuza kwa mkono. Nilikuwa uani napepeta maharage. Nikamsikia anamwita kaka yake, jina tu, mara moja, kwa sauti ambayo sikuipenda. Nilipofika mlango wa friji ulikuwa wazi na hewa iliyokuwa inatoka humo ilikuwa hewa ya tanuri la mikate. Balbu zote zinawaka. Kengele ya hatari, ile aliyoifunga kijana mwenyewe ili ilie joto likizidi, ilikuwa kimya kabisa.

Wakachomoa waya. Wakapunga kwa khanga. Binti akaweka yai kwenye shavu lake, akalirudisha, akachukua la rafu nyingine. Kijana alikuwa ameshika laptopu, anaipitia programu mstari kwa mstari.

Walichokiona ndicho nilichoelezwa baadaye, nami nawaeleza ninyi. Kwenye kumbukumbu ya chipu, kijana alikuwa ametenga vyumba vinne, kila rafu chumba chake cha kuwekea namba ya joto. Chumba kinachofuata baada ya hivyo vinne kilikuwa na kitu kingine: kile kiwango cha joto ambacho mashine inatakiwa kukifuata. Alipoongeza rafu, aliiambia programu isome rafu tano, lakini vyumba akaviacha vinne. C haikuuliza. Ikapeleka namba ya rafu ya tano kwenye mlango uliofuata, ikaitupa humo, juu ya kile kiwango. Na namba zile zinapotoka kwenye vipimajoto huwa ghafi, kubwa, hazijageuzwa kuwa nyuzi za joto. Mashine ikaiona ile namba kubwa ikaamini ndiyo amri. Ikawasha balbu iifikie. Na kengele nayo ililia tu joto likivuka kiwango, na kiwango kilikuwa kimeshapaa huko juu. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinatii. Hakuna kilichovunjika.

"Rust ingekataa kuvuka vile vyumba vinne," binti akasema. Alisema polepole, siyo kwa kumkomoa.

"Iko wapi hiyo Rust?" kijana akamjibu. "Wiki ngapi unaibembeleza? Weka basi. Weka sasa hivi, mayai yanapoa."

Binti hakuwa na la kuweka. Ya kwake ilikuwa nusu.

Kijana akafuta machozi kwa mkono wa shati, akaenda pale penye vyumba, akaandika vitano, akaipeleka kwenye chipu. Mashine ikarudi kwenye joto lake kabla maharage yangu hayajachemka. Nawaambieni hili kwa sababu vijana wengi mnataka jibu la upande mmoja. Lugha iliyoyapika mayai ndiyo hiyohiyo iliyowahi kuyaokoa yaliyobaki. Ile nyingine ingezuia yote, ila haikuwa tayari, kwa sababu haikubali kuwa tayari mpaka kila kitu kinyooke.

Baada ya siku kadhaa tukayamulika mayai kwa tochi chumbani, tumefunga pazia. Mayai ya rafu za juu yalikuwa yamekufa karibu yote. Unaona duara la damu lililosimama, au unaona giza tupu. Mayai ya majirani, mayai ya watu waliosubiri zamu yao. Tukafika rafu ya tano, ile ya chini, iliyokuwa karibu na maji, ambako joto lilichelewa kufika. Binti akamulika moja, lenye kivuli cha mishipa kama mizizi ya mche. Akamulika lingine, hakuna kitu. Lingine, lipo. Yaliyo hai hayakufika nusu. Siku hizo ndipo simu ikaja kutoka ng'ambo kwamba wale kuku waliobaki kwa mkwe nao wamekufa. Kwa hiyo yale mayai machache ndani ya friji bovu ndiyo yalikuwa mbegu yote ya mama yake iliyobaki duniani. Mjukuu wangu wa kiume akahamishia godoro lake pale. Hakula vizuri. Sikumgombeza. Nilikosa hata nguvu ya kugombeza, na isitoshe alikuwa anajigombeza vya kutosha.

Yakaanguliwa. Vifaranga wa kujaa kapu dogo, weusi wenye madoa, shingo wazi kama wa zamani. Mkwe alikuja kuwachukua. Nilimweleza yote, la joto na la rafu. Akanisikiliza, akawaangalia vifaranga, akasema tu, "Jogoo yumo?" Hakuna aliyejua, wakiwa wadogo hivyo nani anajua. Akaondoka nao, akakaa miezi hajui. Jogoo alikuwemo. Mmoja.

Majirani nao nikawapitia mlango kwa mlango. Mmoja akaniambia, akiwa anachambua mchele wala hanitazami, "Sisi tumepikiwa, ya ukweni yamepona. Mna friji lenye akili hilo." Niliondoka. Unamjibu nini mtu wa hivyo? Kwamba rafu ya chini ilikuwa karibu na maji? Nikawapa mayai ya kuku wangu wakaanze upya, na wengine mpaka leo wananisalimia kwa ncha ya ulimi.

Rust ilimalizika baadaye, ikawekwa. Sasa ndiyo inayoongoza joto. Safari moja panya alikata waya wa kipimajoto, mashine ikazima balbu ikapiga kengele mpaka mtaa mzima ukaja. Kijana akasema, "Ona lugha yako, dada, imekata tamaa." Dada yake akasema, "Afadhali imekata tamaa kwa kelele." Mayai yakapoa kidogo, yakachelewa kutoka, yakatoka. Yai linavumilia baridi ya muda, moto halivumilii. Kwa kazi yetu basi, lugha inayosimama ikiona makosa ndiyo inayotufaa. Ingekuwa ni mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua, sijui. Kusimama huko ni jambo lingine, ulizeni wanaojua.

Na lipo linalonisumbua bado. Ile ya C, kijana wangu asipokuwepo, wapo mafundi wengine sokoni wataifungua. Ya Rust anaijua mtu mmoja tu hapa Tunduma ninayemfahamu mimi. Nilimwambia, wewe ukiolewa Sumbawanga, nani ataigusa? Akasema atamfundisha kaka yake. Amemfundisha, kijana anaandika sasa, anatukana huku anaandika. Kompaila inamkatalia na yeye anaijibu kwa sauti kama anaongea na mtu.

Mkiniuliza kwa hiyo nani alikosea, siwapi lugha. C ilikubali kwa sababu ndivyo ilivyo. Lakini kabla ya C kukubali, nyumba nzima ilikuwa imeshakubali. Tuliijua hesabu ya rafu, tukainamia moto na vikombe vya chai, kwa sababu ya heshima. Binti aliyeona kosa alifungwa mdomo na adabu tuliyomfundisha sisi wenyewe. Kompaila ya kukagua hilo sijaiona kwenye laptopu ya mtu.

Msimu huu mkwe amekuja tena. Amekuja na mayai ya wale kuku weusi, kapu lilelile la pumba, uso umenawiri. Ameketi mkekani. Rafu zote tano zimejaa. Nikawaona watu wangu wa nyumbani wanavyoanza: mmoja kainamia moto, mwingine kashika kikombe, kijana kashafungua mdomo na ile hakuna shida yake imefika kwenye meno. Nikamshika mkono, nikawaita wote jikoni, nikafunga mlango.

Nikawaambia: "Mpelekeeni mkwe chai, mpigieni magoti, halafu mwambieni mashine imejaa mpaka juma lijalo na mayai yake yatangoja chumbani kwangu penye baridi, yai lisiloanza kuatamiwa halidhuriki kwa juma moja. Mmwambie ninyi wenyewe, kwa mdomo, na asitoke mtu hapa kugusa waya wala programu."